Gari la Kambi kutoka Keroka hadi Maziwa ya Bogoria na Baringo

Safari ya kambi kutoka Keroka kwenda maziwa ya Baringo ni safari ya kuteremka. Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sweta huko haikai sandukuni hata Januari. Ziwa Bogoria na Ziwa Baringo yako chini kabisa ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,000, upande wa kaskazini wa ikweta, ambako jua la adhuhuri hupita nyuzi 32 bila taabu. Umbali wenyewe hautishi: kama kilomita 300, na lami karibu njia nzima. Mteremko ule wa mita elfu moja ndio unaoamua hali ya breki, upepo wa magurudumu, nguo, chakula, dawa na hata saa ya kuondoka nyumbani.

Ziwa lipi

Maziwa ni mawili na tabia zake hazifanani, kwa hiyo uchaguzi hufanywa kabla ya kuhesabu pesa.

Bogoria ni ziwa la magadi. Maji yake hayanywiwi wala hayaogwi, lakini ukingoni, sehemu ya Loburu, maji ya moto huchemka na kuruka kutoka ardhini, na flamingo wadogo huja kwa maelfu mwani unapokuwa mwingi. Ilifanywa hifadhi mwaka 1973, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Nakuru na Elementaita. Inaendeshwa na serikali ya Kaunti ya Baringo, si Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), hivyo tikiti ya Ziwa Nakuru haifai kitu hapa. Ardhi ile ina wenyewe: Waendorois walioondolewa kupisha hifadhi walishinda kesi yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi ukatangazwa mwaka 2010. Anayetaka kulala nje ya kambi rasmi huomba ruhusa kwa wenyeji, si kwa mchungaji wa kwanza anayekutana naye njiani.

Baringo ni ziwa la maji baridi. Lina ngege, viboko na mamba, boti za kukodi, na visiwa, kikubwa kikiwa Ol Kokwe. Kambi ziko Kampi ya Samaki, kilomita kama 20 kaskazini ya Marigat, karibu na maduka, umeme na barabara.

Kwa familia inayolala nje mara ya kwanza, hasa yenye watoto wa chini ya miaka mitano au nyanya anayehitaji choo cha karibu, la busara ni kulala Kampi ya Samaki na kutembelea Bogoria mchana. Kambi za ndani ya Bogoria ni tulivu na za kupendeza, lakini maji ya bomba na duka la jirani si vitu vya kutegemea. Ambao bado wana wasiwasi wanaweza kuishia Ziwa Nakuru, katikati ya njia. Huko hulipwa kupitia eCitizen, na ipo kambi ya umma karibu na maporomoko ya Makalia. Nyati na simba wamo ndani ya uzio huohuo, kwa hiyo wepesi wake ni wa umbali tu.

> ANGALIZO: RAMANI ZA ZAMANI
> Tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Kufikia 2020 nyumba, shule, hoteli na barabara kandokando ya Baringo zilikuwa zimezama. Bogoria nayo ilimeza lango lake la Loboi na kipande cha barabara, na baadhi ya chemchemi za moto zikafunikwa. Picha ya kambi iliyopigwa miaka kumi iliyopita yaweza kuwa picha ya mahali ambapo leo ni pa viboko. Kambi ipigiwe simu, na maswali yawe matatu: ufuo uko wapi sasa, njia ya kuingia ni ipi, na gari la chini kama Noah linafika?

Gari lenyewe

Magari makubwa ya kambi yenye kitanda, jiko na choo, kama ya Marekani na Ulaya, ni nadra Kenya. Gari la kambi la Keroka ni lile lililopo: Noah ya familia, au van ya abiria kumi na wanne ambayo watu huiita Nissan hata ikiwa Toyota. Gari kama hilo hubeba watu mchana na kulaza baadhi yao usiku. Wengine hulala kwenye hema lililosimamishwa ubavuni. Kwa watu sita mpangilio unaofaa ni wazazi wakongwe na mtoto mdogo ndani ya gari, waliobaki kwenye hema la watu wanne.

Kosa linaloonekana kila Desemba ni kung'oa viti, kutandika godoro na kuwalaza watoto juu yake gari likiwa linakwenda. Godoro halina mkanda. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, mtoto huruka hadi kioo cha mbele. Viti vibaki mahali pake mpaka kambini, na mizigo mizito ikae sakafuni, isiwekwe juu ya keria. Van iliyobeba mitungi ya maji juu huyumba kwenye kona za Litein, na huchelewa kusimama kwenye mteremko.

Gari likikodiwa, mkataba uandikwe, nao utaje dereva ni nani, bima ni ya aina gani na ni nani anayelipa likiharibika. Bima ya gari la binafsi haifuniki abiria wanaolipa nauli, na hilo hugunduliwa baada ya ajali.

Ukaguzi ufanywe kwa fundi wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari:

1. Breki: pedi zitazamwe kwa macho, na mafuta ya breki yabadilishwe yakiwa meusi. Mafuta yaliyozeeka huwa yamefyonza unyevu. Kwenye mteremko mrefu hupata moto yakachemka, na kanyagio hushuka hadi sakafuni bila gari kusimama.
2. Rejeta na mipira yake. Mpira unaovuja tone moja Keroka utapasuka Mogotio.
3. Magurudumu, pamoja na la akiba. Upepo upimwe asubuhi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Yakishapata moto barabarani upepo huongezeka wenyewe, usipunguzwe.
4. Betri, taa zote na waipa. Kericho hunyesha karibu kila alasiri.
5. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza.

Msimu na saa

Aprili na Mei si miezi ya kambi kwa msafiri wa Keroka: mvua kubwa iko nyumbani na iko Baringo, na mito kama Perkerra na Molo hufurika. Agosti shule zimefungwa, lakini mvua bado hunyesha Baringo; inawezekana, mradi hema liwe na turubai la juu na mfereji uchimbwe kulizunguka. Likizo ya Desemba ndiyo bora, hasa wiki mbili za mwanzo. Kuanzia tarehe 20 hivi barabara ya Nakuru, Kericho na Kisii hujaa magari ya wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi, na bei za kambi hupanda. Wasiofungwa na shule huchagua Januari au Februari.

Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi. Mapema kuliko hapo kuna giza na ukungu wa Kericho. Baada ya saa mbili, kambi itafikiwa jua likitua, na hema la kwanza halifai kusimamishwa kwa tochi.

Njia, kituo kwa kituo

Keroka hadi Sotik ni kona na mashamba ya chai, kisha Kapkatet, Litein na Kericho. Choo na chai viwe Kericho, kwa sababu kipande kinachofuata ndicho kigumu na dereva anastahili kukianza akiwa macho.

Kutoka Kericho barabara hupitia Londiani Junction, ambako jioni ya Juni 30, 2023 lori lilivamia wachuuzi na magari, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baada ya Mau Summit huanza mteremko wa Sachangwan, Migaa na Salgaa. Sachangwan, Januari 2009, lori la petroli lililopinduka liliwaka moto huku watu wakichota mafuta, na waliokufa walizidi 100. Migaa, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana na 36 wakafa. Hatari kubwa ya mteremko huu ni magari mazito yanayoteremka kwa muda mrefu breki zikiwa zimepata moto. Ukuta wa katikati uliojengwa umepunguza kugongana uso kwa uso, lakini haupozi breki.

Namna ya kuteremka:

1. Kabla ya mteremko, gia ishushwe hadi ya tatu. Noah ya otomatiki izimwe OD, na pakizidi kuinama iwekwe kwenye 2. Injini ndiyo ishike gari.
2. Breki ikanyagwe kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, kisha iachiliwe ipoe. Kuikanyaga kidogokidogo bila kuiachia ndiko kunakoichoma.
3. Gia isiwekwe nyutro hata mara moja. Wanaodai inaokoa mafuta wanaokoa shilingi chache na kulipoteza gari.
4. Nafasi ya malori matatu iachwe mbele. Lori likitoa moshi magurudumuni, gari lisimame pembeni na kulipisha.
5. Harufu ya kuungua ikisikika, gari liegeshwe mahali salama kwa nusu saa. Maji yasimwagwe kwenye magurudumu yaliyopata moto.

Lori la mafuta lililopinduka halisogelewi, hata kwa kutazama.

Nakuru ndipo pa kujaza tangi, kutoa pesa na kununua kilichosahaulika. Kutoka hapo barabara ya Marigat ni tambarare na nyepesi kuliko yote, na hapo ndipo madereva hukimbia. Mbuzi na ng'ombe huvuka bila kutazama. Mogotio pana alama ya ikweta, na watoto hupenda kusimama mguu mmoja kusini, mwingine kaskazini. Joto huanza kuhisiwa baada ya hapo, na masweta yavuliwe mapema, kabla mtoto hajaanza kutapika. Wanaokwenda Bogoria huchukua lami inayoingia kulia kabla ya Marigat hadi Loboi. Wa Baringo hupita Marigat na kuendelea.

Jambo la usalama halifichwi. Sehemu za Baringo, hasa Tiaty na baadhi ya vijiji vya Baringo Kusini mashariki mwa maziwa, zimeteswa na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na Februari 2023 serikali ilitangaza maeneo kadhaa ya Bonde la Ufa kaskazini kuwa yenye vurugu na hatari. Barabara kuu ya Nakuru, Marigat na Kampi ya Samaki ni jambo jingine, lakini hali hubadilika. Kambi na kituo cha polisi cha Marigat viulizwe siku mbili kabla, na tena asubuhi ya safari. Njia za mkato za upande wa mashariki ziachwe, hata simu ikizionyesha kuwa fupi.

Maji, chakula na moto

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, na kuchemsha maji yake hakuiondoi. Hesabu ni lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita kwa siku tatu wanahitaji lita 90, yaani mitungi minne ya lita ishirini, na nusu ya mtungi wa tano. Ya kuoshea vyombo hupatikana kambini.

Chakula cha Keroka hakisafiri sawasawa. Ndizi mbichi, viazi, unga wa wimbi na wa mahindi, vitunguu na njugu hufika salama. Chinsaga na managu, mboga za majani, hunyauka kabla ya Mogotio; vikipendwa sana, vichemshwe na kukaushwa maji nyumbani, vifungwe, viliwe usiku wa kwanza. Maziwa ya ng'ombe huganda, hivyo yabebwe ya paketi. Nyama iliwe siku ya kwanza au isibebwe kabisa. Marigat, kwenye mradi wa kunyunyizia maji wa Perkerra, matikiti maji na mapapai ni mengi, na ziwani pana ngege. Asali ya Baringo huuzwa kando ya barabara kwa chupa. Muuzaji aombwe kuonjesha kabla ya pesa kutoka.

Kwa kupikia, meko ya kilo sita inatosha. Mtungi usafiri wima, umefungwa, kichomeo kikiwa kimetolewa, na usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kuni zisikatwe hifadhini.

> ANGALIZO: JIKO NDANI YA GARI
> Jiko la makaa haliingii ndani ya gari wala hema, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Moshi usioonekana huua watu usingizini bila kuwaamsha. Injini nayo isiachwe ikinguruma usiku ili kupata ubaridi. Madirisha yafunguliwe kiganja kimoja na kuzibwa kwa neti.

Kusimamisha kambi

1. Mahali pachaguliwe kukiwa bado mchana, kwenye kinyanyuko, mbali na maji. Kambini Baringo askari aulizwe viboko hupita wapi. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hufuata njia yake ileile. Hema likiwa katikati, hatazunguka.
2. Vichuguu viepukwe. Eneo la Marigat linajulikana kwa kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchanga, ambao hupenda mashimo ya vichuguu na nyufa. Usubi huo ni mdogo kuliko mbu na hupenya neti yenye matundu makubwa, kwa hiyo neti iwe ya matundu madogo na yenye dawa.
3. Gari liegeshwe pua ikitazama njia ya kutokea, ubavu wake ukikinga upepo wa jioni, na hema likae upande wa pili, ule wa mlango wa kuteleza. Hivyo mtoto anayeamka usiku hupita hatua mbili tu.
4. Chakula chote kirudi garini na madirisha yafungwe mpaka wakati wa kulala. Nyani na tumbili hawangoji giza.
5. Viatu vining'inizwe au viingizwe ndani. Asubuhi vikung'utwe, nge hujificha humo.
6. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hakuna anayekwenda ufuoni, hata kuosha sufuria.

Mambo ya afya yashughulikiwe kabla ya kuondoka. Malaria iko Baringo, na mtoto wa nyanda za juu hana kinga nayo ya kutosha. Daktari au mfamasia aulizwe kuhusu dawa ya kujikinga, hasa kwa mjamzito na mtoto mchanga. Homa yoyote ndani ya wiki nne baada ya kurudi ipimwe damu siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mgonjwa alikuwa Baringo. Homa ya wiki nyingi yenye tumbo kuvimba upande wa kushoto isitibiwe kama malaria tu, kala-azar itajwe.

Siku ya maji ya moto

Kuchemsha mayai Loburu ni jambo ambalo kila mgeni wa Bogoria hulingoja, na ndilo linalojeruhi watu. Maji hutoka karibu na kiwango cha kuchemka. Udongo unaozunguka shimo huonekana mkavu na mgumu, kumbe ni ganda jembamba juu ya tope la moto. Mayai yafungwe kwenye wavu au mfuko wa kitambaa, yaning'inizwe kwa fimbo ndefu, na kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mmoja, mwelekezaji akimwonyesha pa kukanyaga. Dakika kumi zinatosha. Watoto wasimame mbali, mkono kwa mkono; asiye na mtu wa kumshika abaki garini. Ifanyike kabla ya saa tatu asubuhi, mvuke ukionekana vizuri na jua likiwa halijawa kali.

Baringo, boti ipandwe asubuhi maji yakiwa matulivu, kwani upepo wa alasiri huinua mawimbi. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kila mmoja, likikazwa, si kukaliwa kama mto. Bei itajwe kwa boti na kwa saa, kabla ya kupanda.

Orodha ya kukagua jioni kabla ya safari

- Vitambulisho vya watu wazima. Mwananchi hulipa kiingilio cha chini akionyesha
- Pesa kwenye M-Pesa na taslimu kidogo
- Namba ya kambi na ya polisi Marigat, zimeandikwa kwenye karatasi
- Mitungi ya maji, imejaa na kufungwa
- Hema limewahi kusimamishwa uani, vigingi vimehesabiwa
- Neti, dawa ya kupaka, chumvi ya kuongeza maji mwilini
- Kofia, leso na shuka jepesi. Blanketi moja tu kwa kila mtu
- Taa ya sola, maana taa za gari humaliza betri
- Mfuko mgumu wa takataka, unaorudi Nakuru

Kurudi ni kupanda, na hapo sindano ya joto la injini ndiyo ya kutazamwa kuliko breki. Ikipanda, kiyoyozi kizimwe, gari lisimame, na kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka ipoe kabisa. Gari linaloondoka Marigat saa moja asubuhi hufika Keroka kabla ya jua kutua, hata likisimama Nakuru kwa chakula cha mchana.